Uzushi wa Uchaguzi Katika Simu Zetu: Nani Abebe Dhima?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Tanga, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: taarifa za uongo kuhusu uchaguzi zinazopita katika mitandao ya kijamii zidhibitiwe vipi, na mkono wa sheria umshike nani. Nimechagua tano. Majina ya waandishi nimeyaacha kwa ombi lao wenyewe.

Swali

Assalamu alaykum Wakili. Mimi ni mama wa Ngamiani, tuna kikoba cha wanawake ishirini na wawili na kundi letu la WhatsApp. Oktoba 2024, wakati wa kujiandikisha kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa, wifi yangu aliniletea ujumbe wa sauti. Ni sauti ya mwanamke mtulivu kabisa, anasema mwenye kadi ya mpiga kura asijisumbue kwenda kujiandikisha tena kwa kuwa kadi inatosha. Niliupeleka kwenye kikoba, kisha kundi la madrasa, kisha la ukoo, kundi moja moja, maana simu ilikataa kuupeleka kote kwa mara moja. Tarehe 27 Novemba jirani zangu watatu walirudishwa kituoni kwa sababu majina yao hayakuwamo, na mmoja wao hasemi nami mpaka leo. Sasa mpwa wangu ananiambia kwamba nilitenda jinai na ningeweza kufungwa. Je, ni kweli?

Jibu

Waalaykum salaam, mama. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu mtu anayechapisha taarifa katika mfumo wa kompyuta hali akijua kuwa ni ya uongo, ya kupotosha au isiyo sahihi, tena akiwa na nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuudanganya umma. Tazama maneno mawili yanayobeba kifungu hicho, yaani kujua na kukusudia. Wewe hukujua, na ulichokusudia ni kuwapunguzia wenzako foleni. Mwendesha mashtaka ndiye angekuwa na mzigo wa kuthibitisha kinyume chake, na kwa maelezo haya uliyonipa sioni angelithibitisha kwa kitu gani. Mpwa wako amesoma adhabu, hakusoma masharti yanayoitangulia.

Hata hivyo hofu yake siipuuzi, kwa sababu kifungu chenyewe kina tatizo ambalo sisi wanasheria tumelisema mara nyingi. Kinaweka uongo wa makusudi na taarifa isiyo sahihi katika kapu moja, na adhabu yake imewekewa kima cha chini: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hakimu akishamtia mtu hatiani hana nafasi ya kusema kwamba huyu alikosea kidogo, basi aonywe. Sheria yenye mapana ya namna hiyo humtisha mama wa kikoba kuliko inavyomtisha aliyerekodi ile sauti, ambaye hajulikani hadi leo. Uganda, mwaka 2004, Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo katika kesi iliyofunguliwa na waandishi wa habari Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda, na mwaka 2019 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilizitaka nchi wanachama zifute sheria zinazofanya uchapishaji wa habari za uongo kuwa jinai. Mimi niko upande huo, na sababu zangu utaziona katika jibu la kijana fundi simu hapa chini.

Sasa turudi kwenye ujumbe wenyewe, kwa maana una mengi ya kutufundisha. Nchini kwetu kuna orodha mbili. Kuna Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, linalosimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ambalo ndilo linalokupa ile kadi na ndilo linalotumika katika Uchaguzi Mkuu. Kuna pia orodha ya wapiga kura wa mtaa, kijiji au kitongoji, inayoandikwa upya kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa, na mwaka ule uandikishaji wake ulifanyika kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Mwananchi wa kawaida hana sababu ya kuzitofautisha orodha hizo mpaka siku zinapomkwamisha. Aliyetunga uongo ule aliujua ufa huo, akapenyeza maneno yake papo hapo. Hakumtukana mgombea wala hakutaja chama. Aliwanyang'anya jirani zako watatu kura zao bila kelele yoyote, nao hawakujua kwamba wameibiwa mpaka walipofika mbele ya karani.

Kwa maoni yangu, uongo wa namna hii, unaohusu tarehe, mahali, sifa za mpiga kura na utaratibu wa kupiga kura, ndio unaostahili kudhibitiwa kwa ukali kuliko wowote. Una madhara makubwa kuliko matusi ya jukwaani, na wakati huohuo ndio rahisi kuuthibitisha, kwa kuwa tarehe ni tarehe na tangazo la uandikishaji limebandikwa ukutani ofisi ya mtendaji wa mtaa.

Jambo la mwisho kwako, mama. Ulipoona simu inakataa kuupeleka ujumbe kwenye makundi matatu kwa mara moja, haikuwa imeharibika. Ujumbe wa WhatsApp uliokwisha kupita mikono mingi huwekewa mishale miwili juu yake na maneno ya kuonyesha kwamba umesambazwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 huruhusiwi kuupeleka zaidi ya kundi moja kwa wakati. Kile kizuizi kiliwekwa ili kikusimamishe kidogo ujiulize sauti hii ni ya nani.

Swali

Mwanangu Wakili, mimi ni mwalimu mstaafu wa Chumbageni. Nimeona chaguzi nyingi tangu enzi za redio moja. Uongo wa sasa hauna mfano na unaweza kumwaga damu. Kwa nini mnailaumu serikali inapozima intaneti siku mbili tatu za uchaguzi? Si bora kufunga mlango kuliko kukimbizana na kila mwizi?

Jibu

Shikamoo Mwalimu. Najua unasema hivi kwa kuogopa damu, na hofu hiyo tunaishiriki. Lakini katika hili ninakupinga, kwa heshima zote.

Tumekwisha kulijaribu. Mkesha wa uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020 kampuni ya Twitter yenyewe ilitangaza kwamba inaona huduma yake imezibwa na kupunguzwa kasi nchini. Mwaka 2025 ilikuwa zaidi ya hapo: tarehe 29 Oktoba, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa, na ikabaki imezimwa kwa siku kadhaa. Siku zile nilikuwa hapahapa Tanga. Asubuhi ya pili muuza kahawa wa mtaani kwetu alikuwa na habari tatu zinazopingana kuhusu mji mmoja, zote alizipata kwa simu za kawaida kutoka kwa watu anaowaamini, na sisi tuliokaa barazani hatukuwa na mahali pa kuzipima hata moja. Kila mmoja aliondoka na ile aliyopenda kuiamini. Uzushi ulikuwapo barazani kabla ya simu, na mnara ukizimwa utaendelea kutembea kwa mdomo kama ulivyotembea zamani. Wanaokosa njia ni mhariri, mwangalizi wa uchaguzi na msimamizi wa jimbo, ambao kazi yao siku hiyo ni kuwafikia watu kwa haraka na kusema, hapana, hili si kweli.

Nikuongezee mfano mmoja. Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi katika mtandao wa X, ambao zamani uliitwa Twitter, ilidukuliwa na ikatumiwa kurusha uongo, na mara baada ya hapo mtandao huo ukawa haupatikani nchini kwa njia ya kawaida. Hata akaunti rasmi, kumbe, inaweza kusema uongo kwa saa chache. Zikifika saa hizo mwananchi anahitaji sauti nyingine za kulinganisha, naye hapo ndipo alipozikosa. Nigeria waliuzuia Twitter kuanzia Juni 2021 hadi Januari 2022, na mwaka 2022 Mahakama ya Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi ikaamua kwamba hatua ile haikuwa halali. Umetumia mfano wa mlango na mwizi, Mwalimu. Mlango huu ukifungwa, mwenye nyumba ndiye anayefungiwa ndani pamoja na mwizi, gizani.

Swali

Shikamoo Wakili. Mimi ni fundi simu, Barabara ya 12. Wateja wangu wazee hunipa simu zao niwasafishie picha na video, na ninayoyaona humo ni mengi. Ninachouliza ni hiki: mbona Ulaya kampuni za mitandao zinapigwa faini na zinatii, ila kwetu anayekamatwa siku zote ni mtu mmoja mwenye simu moja?

Jibu

Marahaba, kijana wangu. Swali lako ndilo kiini cha jambo zima, kwa hiyo niruhusu nilijibu kwa urefu.

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2022 sheria inayosimamia huduma za kidijiti, ambayo kwa majukwaa makubwa, yaani yale yenye watumiaji wasiopungua milioni 45 kwa mwezi ndani ya Umoja huo, haianzi kwa kuuliza nani ameandika nini. Inaitaka kampuni yenyewe ichunguze mfumo wake, ieleze kwa maandishi ni hatari gani mfumo huo unaileta katika uchaguzi, ioneshe hatua iliyochukua, na ikubali kukaguliwa na watu wa nje. Ikishindwa, faini inaweza kufika asilimia 6 ya mapato yake ya mwaka duniani kote. Kiasi hicho hata kampuni tajiri hukihesabu mara mbili. Msingi wake ni kwamba jukwaa si ukuta mtupu ambao watu huja kubandika matangazo. Jukwaa huchagua: video hii isukumwe kwa watu laki moja, ile ibaki kwa watu kumi, na uchaguzi huo hulipiwa na matangazo ya biashara. Anayechagua na kulipwa kwa kuchagua hawezi kusema kwamba hahusiki.

Huko kwao pia mambo hayajanyooka. Romania ilipiga kura ya urais tarehe 24 Novemba 2024, na katika duru ya kwanza aliongoza Călin Georgescu, mgombea ambaye kura za maoni hazikumpa nafasi na ambaye kampeni yake ilistawi TikTok. Tarehe 6 Desemba Mahakama ya Katiba ikafuta duru yote, na siku chache baadaye Kamisheni ya Ulaya ikafungua uchunguzi rasmi dhidi ya TikTok. Uchaguzi ukarudiwa Mei 2025. Kufuta kura za mamilioni ya watu waliopanga foleni kwa haki ni dawa kali mno, na nchi ikifika hapo ina maana kinga za mwanzo zilishindwa.

Sheria ninayoipenda zaidi, kwa ufupi wake, ni ya Ufaransa ya Desemba 2018. Katika miezi mitatu kabla ya uchaguzi, mgombea, chama au hata mtu mwingine mwenye maslahi anaweza kwenda kwa hakimu kuomba taarifa ya uongo isimamishwe, na hakimu anapaswa kuamua ndani ya saa 48. Mambo mawili nataka uyashike hapo. La kwanza, anayeamua ni hakimu, si waziri wala ofisa wa mamlaka ambayo imeteuliwa na mmoja wa washindani. La pili, haitoshi taarifa kuwa ya uongo. Lazima iwe imesambazwa kwa makusudi, kwa njia ya bandia au ya mitambo, na kwa wingi mkubwa. Chukua masharti hayo umpime nayo mama wa kikoba aliyeandika barua ya kwanza: hana makusudi, hana mitambo, na vidole vyake vimepeleka ujumbe kwenye makundi matatu. Anatoka. Kisha mpime nayo mtu aliyenunua laini mia mbili na kuajiri vijana wa kurusha sauti ile katika kila wilaya. Huyo anaingia, tena anaingia peke yake. Sheria ya namna hiyo inajua inamtafuta nani.

Kwetu mambo yamegeuka. Sheria yetu ya 2015 inasema mtoa huduma hana wajibu wa jumla wa kufuatilia kila kinachopita kwake, jambo ambalo ni sahihi, kwa maana hatutaki kampuni isome barua zetu. Lakini baada ya kumwondolea mzigo huo, haikumpa mzigo mwingine wa kueleza jinsi mfumo wake unavyosukuma maudhui wakati wa uchaguzi. Pengo hilo lote limejazwa na adhabu kwa mtumiaji.

Halafu kuna suala la lugha, na hili wewe unayeshika simu za wazee utalielewa haraka. Kituo kilichokuwa kikihakiki maudhui ya Facebook kwa sehemu kubwa ya ukanda huu kilikuwa Nairobi. Mkataba wake ulipovunjwa mwaka 2023, wahakiki zaidi ya 180 walikwenda mahakamani kudai haki zao. Watu hao walikuwa wakitazama picha za mauaji kutwa nzima kwa ujira mdogo, na wengine wao ndio waliokuwa wakielewa Kiswahili kinachoandikwa kweli mitandaoni, chenye vifupisho na kejeli zake. Ni wangapi wanaokisoma leo, na kati yao wangapi wanajua kwamba neno fulani likisemwa Tanga ni utani na likisemwa kwingine ni tusi? Kampuni inayouza matangazo kwa Kiswahili inapaswa kulazimishwa kutoa hesabu hiyo hadharani kabla ya kila uchaguzi. Nchi moja pekee ikidai itapuuzwa, na kwa sababu hiyo dai hili ningependa lipelekwe na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa sauti moja, kwa kuwa soko la nchi zote kwa pamoja hakuna kampuni itakayolipuuza.

Swali

Wakili, ninauza kanga mjini na nimezaliwa katika mji wa mafumbo. Je, sheria ikibana uongo wa uchaguzi, tutaweza tena kusema kwa fumbo? Mtu akiandika "mchumia juani ameliwa kivulini" na kuweka picha ya mgombea, huo ni uongo?

Jibu

Hapana, dada yangu, na pasiwe na sheria itakayosema ndiyo. Fumbo ni maoni, na maoni hayapimwi kwa kweli na uongo bali kwa kukubaliwa au kukataliwa. Afrika Kusini walilipata swali hili mahakamani. Sheria yao ya uchaguzi ya mwaka 1998, kifungu cha 89, inakataza kuchapisha taarifa ya uongo kwa nia ya kuathiri uchaguzi. Mwaka 2014 chama cha upinzani cha DA kilituma ujumbe wa simu kuwa ripoti ya Nkandla, yaani ya uchunguzi wa makazi ya Rais, inaonyesha jinsi Rais Zuma alivyoiba fedha za wananchi kujenga nyumba yake. ANC, chama cha Zuma, wakashtaki. Shauri likafika Mahakama ya Katiba, ambayo Januari 2015 iliamua, kwa wingi wa majaji, kwamba ujumbe ule ulikuwa tafsiri na maoni juu ya ripoti ambayo kila mtu angeweza kuisoma, kwa hiyo haukuvunja sheria. Hata hivyo, mtu akiandika kwamba mgombea wa kwenye ile picha yako amejitoa kinyang'anyiro, ilhali hajajitoa, hapo hakuna fumbo. Huo ni uongo wa kuwanyima watu chaguo lao.

Swali

Mimi ni nahodha wa mashua, Deep Sea. Sina muda wa sheria ndefu. Siku ya uchaguzi nikiletewa sauti ya mtu mkubwa anasema jambo la ajabu, nifanye nini?

Jibu

Nahodha, kwanza usiamini kwamba sauti ni ya mwenyewe kwa kuwa tu unaitambua. Slovakia, Septemba 2023, siku mbili kabla ya kura, ilisambaa sauti iliyotengenezwa na akili unde ikimwonyesha kiongozi wa chama kimoja, Michal Šimečka, akipanga kuiba kura. Zilikuwa siku za ukimya wa kampeni, vyombo vya habari vikawa vimefungwa mikono. Uongo mkubwa hupenda saa hizo za mwisho, wakati muda wa kukanusha umekwisha.

Pili, usiusambaze hata kwa nia ya kuulaani, kwa sababu utakapofika kundi la tano maneno yako ya kulaani yatakuwa yamebaki nyuma na sauti imeendelea mbele. Uhifadhi, andika saa na kundi ulikotoka, umpelekee msimamizi wa uchaguzi au mtendaji wa kata.

Tatu, ikiwa uzushi ni wa matokeo, nenda ukatazame fomu iliyobandikwa kituoni kwako. Wakenya mwaka 2022 walipanda ngazi moja zaidi: tume yao iliweka mtandaoni picha za fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya elfu 46, na mtu yeyote mwenye simu akaweza kuzijumlisha mwenyewe. Hayakukosekana mabishano hadi Mahakama ya Juu, lakini kila aliyedai namba nyingine aliulizwa fomu yake iko wapi. Ninaiomba tume yetu ifanye vivyo hivyo, fomu kwa fomu, usiku uleule.

Na kwako mama wa Ngamiani, kwa kuwa najua utasoma mpaka hapa: rekodi sauti yako. Sema jina lako kama wanavyolijua katika kikoba, sema kwamba ule ujumbe wa Oktoba ulikuwa wa uongo, eleza orodha mbili zinavyotofautiana, na useme kwamba uandikishaji wa mtaa ujao mtakwenda pamoja. Ipeleke katika makundi yaleyale matatu, ukianza na lile lenye jirani yako asiyesema nawe.